Kumcheka Mheshimiwa kwa Maneno ya Chini ya Picha

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Arusha. Mwezi uliopita diwani wetu alikuja kuzindua kituo cha kuchotea maji mtaani kwetu. Utepe ukakatwa, koki ikafunguliwa, maji hayakutoka. Nilikuwa nimempiga picha kwa simu, nikaweka mbili kwenye status yangu na kwenye grupu la mtaa. Ya kwanza amesimama kiubavu, mkono mmoja kwenye koki, nikaandika: "Maji yote ya mtaa yamo humu," na mshale ukielekea tumboni. Ya pili anakata utepe, nikaandika: "Diwani akizindua maji. Maji yalialikwa lakini hayakuweza kufika." Watu walicheka sana. Jioni mtendaji wa kata akanipigia akaniambia nifute zote, la sivyo nitaitwa polisi. Je, nimekosa? Na ninawezaje kuendelea kumtania kiongozi kwa picha bila kuingia matatani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Jina la kata yako nimeliondoa kwa makusudi, kwa kuwa kata ina diwani mmoja tu na kuitaja ni sawa na kumtaja yeye, ilhali ninachojadili hapa ni maneno yako na si mwenendo wake. Nitakujibu kama mhariri ambaye kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kuandika na kupunguza maneno ya chini ya picha. Nikigusa sheria, nitagusa yale ambayo mwandishi wa habari yeyote nchini anatakiwa kuyafahamu. Ukipelekewa wito rasmi, hilo ni jambo la wakili.

Kwa kifupi, picha ya pili iache na ya kwanza uiondoe. Zote mbili zinachekesha, na sitashangaa ukiniambia kwamba ya kwanza ndiyo iliyopendwa zaidi, lakini zinachekesha kwa njia mbili tofauti kabisa, na swali lako lote limo katika tofauti hiyo.

Itazame ya pili. Kila kilichomo ama ni kweli ama ni mzaha ulio wazi. Utepe ulikatwa, diwani alikuwepo, maji hayakuwepo. Hakuna msomaji atakayeamini kwamba maji yalipelekewa kadi ya mwaliko yakapata udhuru. Kinachochekwa ni tukio lenyewe: sherehe imekamilika kwa kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kikisherehekewa. Diwani akikasirika hana cha kukanusha, na njia pekee ya kukujibu ni kuleta maji, jambo ambalo nadhani hata wewe usingelipinga.

Ya kwanza inasema mambo mawili kwa pamoja, na yote mawili ni mabaya. Inacheka umbo la mtu, ambalo hakulipata kwa kura na wala halihusiani na bomba. Kisha, kwa kuwa Mtanzania yeyote akiambiwa kwamba mali ya umma imo tumboni mwa kiongozi anaelewa kuwa kiongozi ameila, umemtuhumu kwa wizi. Una risiti? Una taarifa ya mkaguzi? Kama huna, basi umetoa tuhuma usiyoweza kuithibitisha, na mshale mwekundu hautakusaidia kusema kwamba ulikuwa ukitania tu.

Sheria ya kuifahamu kwanza ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Kifungu chake cha 16 kinamhusu mtu anayechapisha taarifa kwenye mfumo wa kompyuta, ambao kwa shughuli hii ni pamoja na simu yako, iwe taarifa hiyo ni picha, maandishi, alama au umbo lingine lolote, akijua kwamba ni ya uongo, ya kudanganya, ya kupotosha au isiyo sahihi, na akiwa na nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ona kwamba kifungu kinadai mambo mawili yakutane: uongo unaojulikana kwa aliyechapisha, na nia mbaya. Picha yako ya pili haina uongo. Ya kwanza inaweza kusomwa kwamba inavyo vyote viwili, na mwendesha mashtaka hatalazimika kuhangaika sana kuisoma hivyo.

Wala usidhani kwamba mambo haya huwapata watu wa Dar es Salaam peke yao. Mwaka 2016, hapa hapa Arusha, mahakama ilimtia hatiani mkazi mmoja kwa andiko la Facebook lililohesabiwa kuwa la kumtukana Rais John Magufuli, ikamhukumu kulipa faini ya shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka 3. Mwaka 2019, siku ya kuzaliwa ya rais huyo huyo, mchekeshaji Idris Sultan alichapisha picha mbili zilizobadilishana nyuso: katika moja yeye ameketi kwenye kiti cha rais, katika nyingine sura ya rais imekaa juu ya mwili wake. Hapakuwa na tusi, na kwa macho yangu ilikuwa salamu ya siku ya kuzaliwa yenye utundu kidogo. Paul Makonda, wakati huo akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam na baadaye akawa Mkuu wa Mkoa wa Arusha, alimwagiza aripoti kituo cha polisi, naye akahojiwa. Mwezi Mei 2020 mchekeshaji huyo alikamatwa tena baada ya kusambaa kwa video inayomwonesha akiicheka picha ya zamani ya rais, lakini mashtaka yaliyofikishwa mahakamani yalihusu usajili wa laini ya simu. Hapo pana funzo la vitendo ambalo wengi hawalioni: kesi inayotokana na kicheko si lazima iandikwe kuwa kesi ya kicheko. Hakikisha laini unayotumia imesajiliwa kwa jina lako na kwa alama zako za vidole, si za shangazi yako wala za rafiki aliyehamia Babati.

Upande wa pili wa mizani upo pia, na sehemu yake imo mjini kwako. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, ingawa ibara ya 30 inaruhusu sheria zilinde haki na heshima za watu wengine. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua mwezi Desemba 2014 katika shauri la mwandishi Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso kwamba kumfunga mtu jela kwa kashfa kulikiuka uhuru wa kujieleza, ikaeleza pia kwamba mtu aliyeshika wadhifa wa umma anapaswa kustahimili ukosoaji mkubwa kuliko mtu wa kawaida. Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ikiwa na makao Arusha, iliamua mwezi Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, vikiwemo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Lakini usiviringishe maamuzi hayo ukayafanya ngao: Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja katika ile Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Jengo unaweza kulipita kwa daladala kila siku, lakini mlango wake kwako umefungwa.

Sasa nije kwenye ufundi, ambao kwa kweli ndio ninaoujua, na ambao utakulinda kuliko kifungu chochote, kwa sababu mzaha ulioandikwa vizuri huwa mgumu sana kuushtaki.

Magazeti yetu yana lugha yake ya picha, nawe umeisoma tangu utoto bila kujua kwamba unaisoma. Mkuu wa wilaya huwa "akipata maelezo" kutoka kwa mhandisi. Waziri na mbunge huwa "wakiteta jambo". Mgeni rasmi akionesha meno, basi yuko "akifurahia jambo". Kila mtu ana nafasi yake, wa pili kulia au wa tatu kushoto, na wengine wote "wanashuhudia". Lugha hii imenyooka na imepigwa pasi kiasi kwamba haiwezi kukasirika wala kucheka, na kwa sababu hiyo ndiyo silaha bora kabisa ya mtania viongozi. Ukiichukua ilivyo, ukaibadilisha mahali pamoja tu, msomaji anacheka kabla hajajua kilichomchekesha, nawe hujamwita mtu fisi wala mwizi.

Chukua picha yako ya kwanza, ile ya kiubavu, tuiandike upya pamoja. Jaribio la mwanzo linaweza kuwa: "Diwani anatafuta maji." Ni afadhali, tumbo limeondoka na tuhuma imeondoka, lakini maneno yanaeleza tu kile ambacho jicho limekwisha kuona, na maneno yanayorudia picha hayana kazi. Jaribio la pili: "Diwani akiiuliza koki maji yako wapi." Hapa kuna uhai, kwa kuwa koki imekuwa mtu, lakini sentensi inaishia kwenye swali la kawaida na kicheko kimemwagika katikati. Jaribio la tatu: "Mheshimiwa Diwani (kushoto) akiteta jambo na koki. Hadi tunakwenda mitamboni, koki ilikuwa haijatoa tamko."

Ione inavyofanya kazi. "Kushoto" kwenye mabano ni upuuzi mtupu, maana kulia ni koki, na hakuna atakayechanganya. Lakini mabano hayo ndiyo yanayompa msomaji ishara kwamba yumo gazetini. "Akiteta jambo" ni maneno ya heshima ambayo diwani mwenyewe angeyapenda angekuwa ameketi na waziri. "Mitamboni" inampeleka msomaji chumba cha habari usiku wa manane kungoja habari kubwa. Na "tamko", neno la wanasiasa, linakabidhiwa kwa kipande cha chuma, likiwa neno la mwisho kabisa, baada yake hakuna kitu. Usiongeze nyuso za kucheka baada yake. Usiandike "jamani" wala "Tanzania yangu". Ukiusindikiza mzaha kwa kicheko chako mwenyewe, unamwambia msomaji kwamba huuamini.

Utaratibu huo unaitikia karibu kila picha ambayo viongozi wetu hupenda kupigwa, na hupenda kupigwa picha za aina chache sana. Kuna ile ya upandaji miti: "Viongozi saba wakipanda mche mmoja. Mche haukujeruhiwa." Kuna ile ya hundi ya mfano, ubao mkubwa kuliko mlango, unaoshikwa na watu wanne: "Hundi hiyo itapelekwa benki mara mlango utakapopanuliwa." Kuna mgombea aliyekaa kwenye benchi la mama lishe akinyofoa tonge kwa mkono: "Mgombea akipata ugali na wananchi. Ziara nyingine ya aina hii inatarajiwa mwaka 2030." Huu wa mwisho ninaupenda kwa sababu umebeba tarehe ya kweli, uchaguzi mkuu huja kila baada ya miaka mitano, na ukali wote umo kwenye kalenda, haumo kwenye kivumishi.

Utagundua kwamba mifano hii yote ni mifupi. Jina la kanga hufanya kazi hiyohiyo: mstari mmoja, halimtaji mtu, na anayelengwa anajua. Maneno ya picha yakizidi sentensi mbili yamekuwa hotuba, na katika hotuba mheshimiwa amekuzidi uzoefu.

Kuna aina nyingine ya maneno ya picha iliyo kali kuliko zote, nayo haihitaji ubunifu wowote. Ni maneno yake mwenyewe. Kama diwani alisema kwenye mkutano wa hadhara kwamba barabara fulani itawekwa lami kabla ya masika, na wewe una video ya mkutano huo, ngoja masika ifike, piga picha bodaboda ilivyozama kwenye tope hadi kwenye mnyororo, kisha chini yake weka ahadi neno kwa neno, tarehe yake na mahali ilipotolewa. Basi. Usitie chumvi hata punje. Lakini sharti moja halina mjadala: alama za kunukuu zibebe alichosema kweli. Kumlisha kiongozi maneno ndani ya alama za kunukuu ni kutunga habari ya uongo, hata kama kila mtu mtaani anaamini kwamba ndivyo anavyofikiri. Ukitaka kumsemesha, msemeshe kwa namna ambayo hakuna anayeweza kuidhania habari, au umpe maneno mwingine aliyemo pichani: koki, mbuzi aliyepita nyuma ya jukwaa, mche wa mti. Masoud Kipanya amefanya hivyo kwa miaka mingi katika katuni zake. Panya mdogo pembeni ndiye anayesema kile ambacho wakubwa waliochorwa wasingependa kukisikia, na ni vigumu kidogo kumpelekea panya wito.

Wala si lazima kiongozi aonekane. Magufuli alipoapishwa tarehe 5 Novemba 2015 akaanza kukata matumizi ya serikali, hadi kuzigeuza sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba kuwa siku ya usafi, vijana wa Afrika Mashariki walijaza mtandao wa Twitter picha zilizounganishwa na alama ya reli moja iliyouliza, kwa Kiingereza, Magufuli angefanya nini. Zilikuwa picha za watu wakibana matumizi kwa njia za ajabu ajabu, na maneno chini yake yalieleza kwamba mtu alitaka kununua kitu kipya, kisha akajiuliza swali hilo. Katika nyingi kati ya hizo rais hakuwemo pichani kabisa. Kilichotaniwa kilikuwa sera yake, na mtaniaji alijicheka mwenyewe kwanza, hivyo waliompenda na waliomwogopa walicheka pamoja. Mizaha ile ilianza miezi michache kabla ya hukumu ya Arusha niliyokutajia, chini ya rais huyo huyo na sheria hiyo hiyo. Mbinu hiyo inakufaa sana mtaani kwako: piga picha foleni ya madumu ya njano mbele ya koki kavu, andika "Wajumbe wakisubiri akidi itimie", na diwani hayumo hata kidogo.

Nawe, kwa kuwa unaishi Arusha, una hazina ambayo mtu wa Mwanza hana. Mnara wa Azimio umesimama katikati ya mji, ukikumbusha Azimio la mwaka 1967 ambalo lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa kwenye makampuni au kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 kwa uamuzi wa CCM uitwao Azimio la Zanzibar, kwa hiyo huwezi kumlaumu mtu leo kwa kuyavunja, lakini picha ya msafara wa magari ya kifahari ukizunguka mnara ule haihitaji maneno zaidi ya "Azimio likipitiwa kwa makini."

Sasa kuhusu mipaka isiyoandikwa kwenye sheria. Najua utaniambia kwamba sisi ni watu wa utani. Ni kweli. Nenda Moshi kwenye harusi au msiba unaowakutanisha Wachaga na Wapare, utasikia maneno ambayo kwingine yangeleta ngumi, na hapo yanaleta vicheko na wakati mwingine pesa. Lakini utani ule una mkataba: wote wawili wanajuana, wote wana haki ya kurudisha, na maneno yanabaki pale pale uwanjani. Diwani si mtani wako kwa maana hiyo. Picha yako inakwenda kwa watu wasiojua mkataba wowote, na mzaha wa kabila ulioupokea vizuri kwenye harusi, ukisambaa kwenye simu, unasomwa kama chuki. Kwa hiyo kabila, dini, ugonjwa, ulemavu na umbo viache kabisa. Mke wake, mume wake na watoto wake waache pia, isipokuwa wameshika wadhifa wa umma. Gari la halmashauri ni halali yako. La mkewe si halali yako. Anachosinzia kikaoni ni halali yako, maana analipwa posho ya kikao hicho. Anachosinzia kwenye basi la usiku si halali yako.

Watu wengine waliomo pichani wananitia wasiwasi kuliko diwani. Katika ile picha ya koki uliyonitumia, nyuma yake kuna mama amekaa juu ya dumu, ameshika shavu. Hakuomba kuwa kwenye mzaha wako, hakugombea chochote, na uso wake unaonekana vizuri kuliko wa mheshimiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, ungemfanya kicheko cha grupu la mtaa wake mwenyewe. Mkate pembeni au mfunike uso. Watoto vivyo hivyo, tena bila kufikiri mara mbili.

Kuhusu kuhariri picha yenyewe nitakuwa mkali. Usibadilishe kitu. Usimwondolee mtu, usimwongezee mtu, usihamishe kichwa, na usitumie akili mnemba kumtengenezea sura au sauti. Nguvu yote ya maneno ya kejeli inatokana na picha kuwa ya kweli. Siku watu watakapogundua kwamba moja ulitengeneza, zote zilizotangulia zitakuwa uongo, na kifungu cha 16 kitakuwa kimepata kile kilichokikosa. Kukata picha pembeni nako kuna ujanja wake. Nikuulize: maji hayakutoka kabisa siku ile, au yalitoka baada ya nusu saa mkiwa mmeshaondoka? Kama yalitoka, maneno yako ya pili hayajaharibika, ila yanahitaji kipande: "Maji yalifika baadaye, yakiomba radhi kwa kuchelewa." Utaona kwamba kwa kusema kweli yote umepata kicheko cha pili bure.

Picha uliyoipiga wewe ni yako. Ya gazeti au ya mpigapicha mwingine si yako, Sheria ya Hakimiliki inamlinda, na maneno yako ya kuchekesha hayabadilishi hilo, mwombe.

Limebaki suala la mtendaji. Mtendaji wa kata si polisi wala si Mamlaka ya Mawasiliano, na simu yake ya jioni si amri ya mahakama, lakini ni mtu wa ofisi ambayo kesho utaihitaji kwa barua ya utambulisho, na pengine naye alipigiwa simu kabla ya kukupigia. Usibishane naye kwenye grupu. Mwandikie ujumbe binafsi, kwa adabu, ukisema hivi: "Shikamoo Mtendaji. Picha ya kwanza nimeiondoa kwa kuwa niligusa umbo la Mheshimiwa, na kwa hilo namwomba radhi. Ya pili inaeleza uzinduzi ulivyokuwa. Kama kuna jambo ndani yake lisilo kweli, naomba nielekezwe nilirekebishe." Ujumbe huo utunze. Radhi ya tumbo ni ya haki kabisa na haikupunguzii kitu. Ombi la kuoneshwa uongo ulipo linamrudishia mpira yeye. Picha halisi zenye tarehe na saa zihifadhi mahali pengine mbali na simu, maana simu huchukuliwa kwanza. Msimamizi wa grupu lenu mwambie pia ulichokiondoa na kwa nini, ili anayeendelea kuisambaza ile ya kwanza ajue kwamba anafanya hivyo kwa jina lake na si kwa jina lako.

Ukiitwa polisi, nenda, na usiende peke yako. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inakuruhusu kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki ukiwa umeshikiliwa, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi Arusha ambako mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuanzia. Ukifika, jibu ulichoulizwa, usiigize mzaha wako mbele ya mpelelezi hata akikuomba, na maelezo utakayoandikiwa yasome mstari kwa mstari kabla ya kuweka sahihi. Ukikuta yameandikwa kwamba ulisema diwani ameiba maji, omba mstari huo urekebishwe usomeke kama ulivyoandika, kwamba maji yalialikwa lakini hayakuweza kufika.